Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

Juma hili twataka kuzungumza juu ya ulevi, lakini si juu ya mlevi. Habari za mlevi tumezihubiri sana makanisani mwetu. Tumemwonya, tumemwombea, na akiokoka tumempigia makofi na kumpa nafasi ya kushuhudia. Leo tungependa kumwacha kando kidogo, tuwatazame wale wanaokaa naye nyumba moja: mke, au mume (maana wako akina mama wanywao pia), na watoto, na mama mzee ambaye usiku hapati usingizi mpaka asikie mlango ukifunguliwa. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Nasi twaongeza kwamba kata huingia mtungini kila siku, na kwa kuingia huko nayo hulowa.

Mtu aliyeishi miaka mingi na mlevi hupotewa na kitu kisichoonekana kwa macho jinsi mshahara uonekanavyo ukipotea. Hupotewa na nafsi yake. Akiulizwa hali yake hujibu habari za mwenziwe: jana alirudi mapema, leo hajaamka, juma hili ametulia. Furaha yake na huzuni yake zinatoka katika chupa ambayo yeye haigusi. Na jambo lililowashangaza hata wale waliolichunguza kwanza ni kwamba mlevi aweza kuacha pombe kabisa, na yule aliyekaa naye asipone.

Twaijua habari ya Abigaili katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 25. Kwa kawaida huhubiriwa kwa ajili ya hekima yake mbele ya Daudi. Isomeni tena mkifikiri juu ya nyumba ya mlevi. Mtumishi mmoja anapoona hatari inakuja hamwendei bwana wake, bali anamwendea mke, kwa kuwa amekwisha kujua kwamba na bwana hakuna kusemezana. Mama huyo anapakia vyakula juu ya punda upesi upesi, wala mumewe hamwambii. Anaporudi usiku anamkuta Nabali katika karamu, amelewa chakari. Naye ananyamaza mpaka kupambazuke na kileo kimtoke. Huo ni ujuzi, ndugu zangu. Mke wa namna hiyo humsoma mumewe kama mvuvi anavyosoma upepo. Biblia haisemi ilimchukua Abigaili miaka mingapi kujifunza hayo, ila akina mama wengine wanaotusikiliza wangeweza kukisia.

Sasa tuje karibu na siku zetu, twende Marekani, maana huko ndiko jambo hili lilikoanza kuandikwa na kusemwa wazi. Mwaka 1891, mjini Brooklyn, alizaliwa binti wa daktari aitwaye Lois Burnham. Tarehe 24 Januari 1918 aliolewa na kijana William Wilson, ambaye watu humwita Bill. Bill alikuwa ofisa wa jeshi, karibu kwenda kwenye vita vya Ulaya, na unywaji alikuwa ameuanza muda mfupi tu kabla ya arusi. Lois hakuogopa sana. Aliamini kwamba akipendwa vya kutosha ataacha. Ni wangapi miongoni mwetu wameingia katika ndoa na imani hiyo hiyo!

Lois alipata mimba tatu, na zote tatu zilitunga nje ya kizazi. Wakajaribu kuasili mtoto, wasifanikiwe. Basi mapenzi yote ya mama ambaye angekuwa na watoto wanne au watano yakamwangukia mtu mmoja mkubwa aliyehitaji kuvuliwa viatu usiku. Mwaka 1925 wawili hao walipanda pikipiki yenye kiti cha pembeni, wakasafiri huku na huko kwa muda mrefu. Bill alitaka kuchunguza makampuni ili ajue hisa za kununua. Lois naye alikuwa na shabaha yake: huko mashambani, katika hema, mabaa yangekuwa mbali. Aliacha kazi yake kwa ajili ya safari hiyo, na hapo ndipo twaona jambo lilivyoanza. Kazi, nyumba na rafiki vilipimwa kwa kipimo kimoja tu, yaani, je, kitamfanya Bill asinywe?

Katika nyumba yao palikuwa na Biblia ya jamaa. Katika miaka ya 1928 hadi 1930 Bill aliandika ndani yake, kwa mkono wake mwenyewe, ahadi kwa mkewe kwamba ameachana na pombe milele. Hakuandika mara moja. Aliandika, akavunja, akaandika tena. Biblia hiyo imehifadhiwa. Sisi tunaoheshimu Kitabu tungependa kufikiri kwamba ahadi iliyoandikwa humo haivunjiki. Lakini mke wa mlevi anajua kwamba mwenye kuahidi husema kweli kabisa saa ile anapoahidi, na ndiyo sababu anaaminiwa tena.

Soko la hisa la New York likaporomoka mwaka 1929, na fedha za Bill zikaisha. Wakahamia kwa wazazi wa Lois, nambari 182 mtaa wa Clinton. Mama yake alipofariki siku ya Krismasi mwaka 1930, mkwe hakuweza kusimama kaburini kwa ulevi. Lois akaenda kufanya kazi katika duka kubwa la Macy's ili wapate kula. Mchana alikuwa mtumishi wa duka, usiku mlinzi wa mumewe.

Ndipo ukafika mwezi Desemba mwaka 1934. Rafiki wa zamani wa Bill, mlevi mwenzake, alikuwa amemjia akiwa mzima na safi, akamweleza kwamba amepata wokovu katika Kundi la Oxford. Kundi hilo lilikuwa mwamko wa Kikristo ulioongozwa na mhubiri Mlutheri, Frank Buchman, na watu wake walikuwa wakikutana nyumbani na kuungama dhambi wao kwa wao. Ndugu wa uamsho wa Afrika Mashariki hawataona mtindo huo kuwa mgeni. Bill akaingia hospitalini kwa mara ya mwisho. Humo, katika giza la moyo wake, akamlilia Mungu, na tangu hapo hakuonja pombe tena hata alipokufa mwaka 1971. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, alikutana na daktari mmoja mlevi, Robert Smith, na kutokana na urafiki wao kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao, ambacho kimeenea karibu dunia nzima.

Kwa kawaida hapo ndipo ushuhuda hukomea na watu wakaimba. Tusiimbe bado. Lois alikuwa ameyaomba hayo kwa karibu miaka 17, na sasa amepewa. Mume anaamka mzima. Nyumba imejaa walevi wengine anaowaleta awasaidie. Lois akirudi dukani anawapikia. Siku moja, ilikuwa Jumapili, Bill akamwambia kwa upole tu kwamba wafanye haraka wasichelewe mkutano wa Kundi la Oxford. Lois alikuwa na kiatu mkononi. Kabla hajajua afanyalo, akamrushia mumewe kiatu hicho na kuilaani mikutano yake.

Kwa miaka ya ulevi yote alivumilia. Kiatu kikaruka mume alipokuwa mtu mwema! Wengi wetu tungesema mama huyu hana shukrani, na huenda mzee wa kanisa angetumwa kumwonya. Yeye mwenyewe alishtuka, akaketi kujichunguza, na aliyoyaona aliyasimulia baadaye bila kujificha. Aliona wivu. Watu wasiomjua Bill, kwa muda mfupi, walikuwa wamefanya lile ambalo upendo wake haukuliweza kwa miaka hiyo yote. Aliona tena kwamba kazi yake duniani imekwisha: alikuwa amejifanya mama wa mtu mzima, mlinzi, mweka hazina, msemaji wa uongo kwa ajili yake, na sasa hakuna anayehitaji hayo. Huyo aliyebaki na kiatu mkononi alikuwa nani? Hakujua. Na kwa kuwa kwa muda wote alijilinganisha na mlevi, alikuwa amejidhania kuwa mtu mwema asiyehitaji kutengenezwa.

Mwaka 1939 ulimletea mambo mawili. La kwanza, waliondolewa katika nyumba ya Clinton kwa sababu ya deni, wakaishi miaka miwili wakihama kutoka kwa rafiki huyu hadi kwa huyu. La pili laonekana dogo, lakini sisi twaliona kubwa. Kitabu cha chama chao kilichapwa mwaka huo, na ndani yake mna sura iliyoandikwa kwa wake wa walevi, ikisema kana kwamba ni wake wenyewe wanaoandika. Lois alitumaini kuiandika yeye. Aliiandika Bill. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwandiko wa kitabu uwe wa namna moja. Lois aliumia, na maumivu hayo yalikaa. Hata sauti ya mke ilikuwa imetoka kinywani mwa mume. Tena mume mzima, asiyelewa, mwenye nia njema.

Wataalamu wa siku hizo nao hawakuwasaidia sana. Mwaka 1953 mfanyakazi mmoja wa huduma za jamii nchini Marekani, Thelma Whalen, aliwagawa wake wa walevi katika aina nne na kuwapa majina ya utani: Susan anayeteseka, Catherine anayetawala, Winifred anayesitasita, na Polly anayeadhibu. Maana yake ilikuwa kwamba mwanamke wa tabia fulani humtafuta mlevi kwa sababu anamhitaji. Maneno kama hayo twayasikia hata visimani na katika mikutano ya akina mama: amemfanya yeye anywe, mdomo wake ndio uliompeleka kilabuni.

Mwaka uliofuata, 1954, mtaalamu wa elimu ya jamii, Joan Jackson, alitoa maandishi yaliyogeuza fikira hizo. Alikuwa amekaa na wake wa walevi huko Seattle, akiwasikiliza wanavyosimuliana. Aliona kwamba mwanamke yule yule huwa Susan mwaka huu na Polly mwaka ujao, kwa kuwa nyumba yenye mlevi hupita katika hatua. Kwanza hukana kwamba kuna jambo. Kisha hujaribu kulikomesha: kuficha chupa, kulia, kununa, kufunga mlango. Yanaposhindikana nyumba huvurugika, wala mama hajiamini tena, huanza kujiuliza kama ana akili timamu. Halafu hujikaza, akashika nyumba yote mkononi mwake, na mume akawa kama mtoto mmoja mtukutu zaidi. Wengine hutengana, wengine hurudiana. Na hatua ya mwisho aliyoitaja ni ile ambayo mume ameacha pombe, naye anataka kiti chake cha baba wa nyumba, na mama, ambaye amekikalia kwa miaka, anaogopa kukiachia. Watoto nao wamezoea kumwomba ruhusa mama tu. Huo ni mgogoro wa kweli, nasi twadhani nyumba nyingi za waliookoka zimeupitia bila mtu wa kuwaeleza kwamba ni jambo la kawaida.

Na watoto? Huko Toronto, nchini Kanada, Margaret Cork aliongea na watoto 115 wa walevi, wenye umri wa miaka 10 hadi 16, akatoa kitabu mwaka 1969 akiwaita watoto waliosahauliwa. Yeye alitazamia walie juu ya pombe. Lakini kilichowaumiza zaidi kilikuwa ugomvi wa wazazi, na kwamba hakuna mzazi aliyewaangalia, si yule anywaye wala yule asiyekunywa. Tuseme neno hilo polepole, maana ni zito. Mzazi asiyekunywa alikuwa amechukuliwa na mlevi mawazo yote, hata mtoto akirudi na daftari lake hapati jicho la kulitazama. Mtoto huyo hujifunza mapema kutokuwa na haja. Hujifunza kusikiliza nyayo mlangoni na kujua kwa mlio wake kama usiku utakuwa mwema. Hawaleti rafiki nyumbani. Shuleni husifiwa kwa kuwa mtulivu au kwa kuwa mkubwa kuliko umri wake, na mwalimu hajui anachokisifu. Mwaka 1981 Claudia Black, naye Mmarekani, aliandika kwamba katika nyumba hizo mna amri tatu ambazo hazikutamkwa na mtu lakini kila mtoto anazitii: asiseme, asimwamini mtu, asisikie uchungu wala furaha. Akiwa mtu mzima bado huzitii, ijapokuwa baba amekwisha kuzikwa.

Twaongeza hapa neno la haki, kwa sababu siku hizi wako wanaosema kwamba mtoto wa mlevi amekwisha kuharibika. Si hivyo. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto waliozaliwa mwaka 1955 miaka na miaka. Miongoni mwao walikuwa 49 waliolelewa katika nyumba za ulevi. Walipofika miaka 18, asilimia 41 walikuwa na matatizo makubwa. Waliobaki, ambao ndio wengi, walikuwa wakiendelea vyema shuleni, kazini na kati ya wenzao.

Basi turudi kwa Lois. Tangu mikutano ya kwanza wake waliwasindikiza waume zao. Wanaume wakizungumza ndani, wao walichemsha kahawa jikoni au walingoja nje ndani ya magari, na huko walianza kuambiana ukweli. Bill aliposafiri Marekani na Kanada mwaka 1950 alikuta vikundi vya namna hiyo mahali pengi, akamhimiza mkewe aviunganishe. Mwaka 1951 Lois na jirani yake mmoja, mke wa mlevi kama yeye, waliandika barua 87 kwa vikundi na watu waliojulikana. Majibu yakaja, na hapo kikazaliwa chama cha Al-Anon, cha jamaa na rafiki za walevi. Mwaka 1957, huko California, kijana aliyekuwa na mzazi mlevi akaanzisha vikundi vya vijana, vikaitwa Alateen.

Walichukua hatua 12 za waume zao karibu kama zilivyo, wakabadili neno moja tu katika ile ya mwisho. Kwa hiyo hatua yao ya kwanza ni ya ajabu: mama ambaye hajaonja tone anakiri kwamba pombe imemshinda. Mkutanoni mwao hakuna kumshitaki mume wala kushauriana namna ya kumkomesha. Mtu husema habari zake mwenyewe. Wengi, wanasema, huketi juma la kwanza na la pili bila kuweza, kwa kuwa kila sentensi wanayoianza inaanza na mume. Wanafundishwa kwamba ulevi wa mwenzao hawakuuleta, hawautawali, wala hawawezi kuuponya. Kwa mwanamke aliyetukanwa miaka 20 kwamba yeye ndiye chanzo, hilo la kwanza pekee latosha kumfanya alie.

Katika nchi yetu ya Kenya tumekuwa na misiba ya pombe iliyohesabika. Novemba mwaka 2000 jijini Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa kileo chenye sumu, na Mei mwaka 2014 makumi wengine katika Embu, Kiambu na kwingineko, na wako waliopofuka. Ilitungwa sheria ya vileo mwaka 2010 yenye saa za kufungua na kufunga. Waliokufa walihesabiwa, chupa zilihesabiwa, na sheria ilisema habari za muuzaji na mnywaji. Wajane walirudi nyumbani. Katika makanisa yetu pia tuna siku ya kumwombea mlevi, lakini mkewe ameketi benchi la nyuma, na tukimsalimu twamwuliza, mzee hajambo? Mchungaji anayetaka kuanza mahali aweza kuanza na swali hilo, amwulize habari zake yeye, kisha angoje. Huenda jibu likachukua muda.

Lois Wilson aliendelea na kazi yake baada ya mumewe kufariki tarehe 24 Januari 1971, siku ile ile waliyooana miaka 53 nyuma. Naye mwaka 1979, miaka 40 tangu ile sura iliyoandikwa na mumewe kwa sauti ya wake, akiwa ajuza wa miaka 88, alitoa kitabu cha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Neno la kwanza juu ya jalada ni jina lake: Lois.